Ukidaiwa mshahara uliozidi baada ya kuacha kazi: uliza hesabu kabla ya kulipa

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu haki na wajibu wa wafanyakazi wa zamani



Mada ya leo ni barua. Barua yenyewe ni fupi, mara nyingi haizidi aya tatu. Anaandikiwa mtu aliyekwisha kuacha kazi, akahamia kwingine au akastaafu na kurudi shambani. Inasema kwamba ofisi imegundua alilipwa mshahara kupita kiasi alichostahili, na kwamba anatakiwa kurejesha fedha hizo ndani ya siku 14. Chini kuna sahihi na muhuri. Hesabu haipo.

Wanaopokea barua ya namna hii ni watu wa kawaida: mwalimu wa chekechea, muuguzi wa zahanati, dereva, mlinzi wa kampuni, mfanyakazi wa shamba la maua. Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoikunja barua na kuiweka kabatini wakitumaini itasahaulika. Wapo wanaokimbilia mkopo wa Sacco, au kuuza ng'ombe, ili walipe kabla ya siku 14 kwisha. Wa kwanza anaweza kushtakiwa na kushindwa bila kusikizwa. Wa pili anaweza kulipa fedha asizodaiwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni hulipwa baada ya kujulikana ni kiasi gani na limetokana na nini. Kabla ya hapo, barua ni dai tu, na anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha hesabu. Kwa upande wa pili, fedha zilizolipwa kwa makosa hazigeuki kuwa zawadi kwa sababu ofisi ilichelewa kugundua. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na mtu akiyashika yote mawili hatapotea njia.

Makosa hutokea vipi

Mishahara ya serikali na ya kampuni kubwa hutolewa kwa mfumo wa kompyuta. Mfumo hulipa kila jina lililomo mpaka mtu aliondoe. Mfanyakazi akijiuzulu na barua yake ikamfikia afisa wa mishahara baada ya orodha ya mwezi kufungwa, atalipwa mwezi huo wote. Barua ikikaa mezani kwa mtu miezi mitatu, atalipwa miezi mitatu.

Kuna njia nyingine. Aliyekuwa akikaimu cheo hurudi kwenye nafasi yake, lakini marupurupu ya kukaimu yanaendelea kuingia. Aliyehamishwa kutoka eneo la mazingira magumu anaendelea kulipwa kama bado yuko huko. Marupurupu ya nyumba hutofautiana kulingana na mji, na mtu akihama bila kumbukumbu kubadilishwa, kiwango hubaki cha zamani. Wapo waliochukua likizo bila malipo na mshahara ukaendelea. Wapo pia waliolipwa kwa orodha ya mkono, kisha wakaingizwa kwenye mfumo, na malipo ya kipindi fulani yakatoka mara mbili. Kwa miaka mingi kaunti zimetumia mfumo wa mishahara wa IPPD, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja tena na tena kaunti zinazolipa baadhi ya wafanyakazi nje ya mfumo huo.

Kwa hivyo makosa mengi huanzia ofisini, wala mfanyakazi hana haja ya kuona aibu kwa kupokea barua. Lakini ofisi ya umma haiwezi kunyamaza ikishagundua. Fedha zile ni za dawa, maji na barabara. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema afisa wa umma anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria anawajibika kwa hasara hiyo, hata kama ameondoka ofisini. Ndiyo sababu barua hizi huandikwa, na mara nyingine huandikwa kwa haraka baada ya wakaguzi kuuliza maswali.

Si kila dai ni mshahara uliozidi

Hatua ya kwanza ni kujua barua inadai nini hasa. Maneno "mshahara uliozidi" hutumiwa kufunika mambo mengi yasiyofanana.

Mfanyakazi aliyeondoka bila kutoa notisi anaweza kudaiwa malipo badala ya notisi. Hilo ni suala la mkataba. Aliyechukua fedha za safari na hakupeleka hesabu yake anadaiwa hesabu hiyo, na stakabadhi zikipatikana deni linaweza kwisha. Aliyesomeshwa kwa masharti ya kurudi kufanya kazi miaka kadhaa anadaiwa kwa mujibu wa fomu aliyotia sahihi. Mkopo wa mshahara ni mkopo. Kila moja ya haya lina karatasi zake na utetezi wake.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Aliyeajiriwa kwa vyeti bandia anaweza kufuatwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ili arejeshe mshahara wote aliopokea, na mahakama zimewahi kuamuru hivyo. Huko si kulipwa kimakosa, na ushauri wa leo haumhusu mtu huyo. Lakini mtu aliyelipwa kwa kosa la ofisi, bila kudanganya wala kughushi, yuko katika suala la madai ya fedha. Vitisho vya polisi katika barua ya namna hiyo havipaswi kumfanya atie sahihi asichokielewa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya kwenye mshahara. Mojawapo ni kiasi kilicholipwa kimakosa kupita mshahara aliostahili mfanyakazi. Kwa hivyo mwajiri ana haki ya kurudisha fedha zake. Lakini kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: makato yote kwa pamoja, kwa wakati mmoja, hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwenye mshahara wa Sh45,000 hawezi kukatwa zaidi ya Sh30,000. Lazima Sh15,000 zibaki. Katika utumishi wa umma, theluthi hiyo huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi.

Mtu akishaondoka kazini, mambo hubadilika. Mwajiri wa zamani hana tena mshahara wa kukata. Anaweza kuangalia malipo ya mwisho ambayo bado anayashikilia, kama vile siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa. Zaidi ya hapo, anachoweza kufanya ni kuomba, kukubaliana au kwenda mahakamani. Barua yake si amri ya mahakama. Barua ya wakili wake pia si amri ya mahakama. Kwa dai la namna hii, dalali hawezi kuja kuchukua viti na televisheni kabla ya kesi kusikizwa na hukumu kutolewa.

Je, mwajiri wa zamani anaweza kumwandikia mwajiri mpya ili akate? Kuandika anaweza, lakini mwajiri mpya hakulipa fedha zile kimakosa. Ili akate, anahitaji msingi wa kisheria: idhini ya maandishi ya mfanyakazi, sheria inayoruhusu, au amri ya mahakama. Hili ni muhimu kwa wauguzi, madaktari na walimu wa chekechea wanaohama kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Ikiwa mwajiri ni ofisi ya umma, kuna kinga zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za utawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho inataka mtu apewe notisi ya kutosha na nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi kuchukuliwa. Ofisi inayokata kwanza na kueleza baadaye imeanzia mwisho.

Kuna pia suala la muda. Sheria ya Ajira inasema kesi ya madai inayotokana na mkataba wa kazi lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Mpaka huo humbana mfanyakazi anayemdai mwajiri, na mwajiri anayemdai mfanyakazi. Barua inayofufua malipo ya miaka sita au saba iliyopita inafaa kuonwa na wakili kabla ya kujibiwa, na aliyeipokea asitie sahihi karatasi yoyote ya kukiri deni kabla ya kupata ushauri huo.

Jibu la kwanza

Barua ikifika, jibu lake liwe fupi, la maandishi na la heshima. Lipelekwe kabla ya siku zilizotajwa kwisha, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Likitumwa kwa barua pepe, litunzwe.

Jibu hilo lisikiri deni wala lisilikatae. Liseme kwamba barua imepokelewa, na kwamba mwandishi yuko tayari kulizungumzia jambo hilo akishapewa mambo yafuatayo:

- hesabu ya kila mwezi, ikionyesha alicholipwa na alichostahili kulipwa;
- sababu ya kila tofauti, yaani ni mshahara wa msingi, marupurupu au nyongeza ya mwaka;
- nakala ya barua au uamuzi ambao ofisi inautegemea, kama barua ya kukubali kujiuzulu au ya uhamisho;
- maelezo kama kiasi kinachodaiwa ni kabla ya makato au baada ya makato;
- hesabu ya malipo yake ya mwisho, ikiwemo likizo.

Ofisi ya umma ikikaa kimya, mwananchi anaweza kuomba kumbukumbu hizo chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa afisa siku 21 za kutoa uamuzi. Akinyimwa bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman. Kampuni binafsi nayo hushikilia taarifa binafsi za mfanyakazi wake wa zamani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake.

Ikiwa mwajiri hawezi kuonyesha mkataba, sheria haimwachii mfanyakazi mzigo huo. Mwajiri anatakiwa kutunza maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Akishindwa kuyaleta mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Kulinganisha hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo hati za mshahara zinapohitajika, pamoja na taarifa ya benki, fomu ya P9 ya kila mwaka, barua ya ajira na barua ya kuondoka. Aliyezipoteza hati za mshahara aanzie benki, kwa sababu taarifa ya akaunti huonyesha kila shilingi iliyoingia na tarehe yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi anadaiwa mishahara ya miezi mitatu: Aprili, Mei na Juni. Ofisi inasema aliondoka tarehe 31 Machi. Anapoitafuta barua ya kukubali kujiuzulu kwake, anakuta imeandikwa kwamba utumishi wake unakwisha tarehe 30 Aprili, baada ya notisi ya mwezi mmoja. Daftari la zamu linaonyesha alifanya kazi Aprili yote. Mshahara wa Aprili ni jasho lake. Bado Mei na Juni, ambazo kweli ziliingia benki na hakuzifanyia kazi. Tena alikuwa na siku 12 za likizo ambazo hakuzichukua wala kulipwa, nazo zinapaswa kuhesabiwa upande wake. Deni lipo, lakini si lile lililoandikwa kwenye barua.

Bado kuna swali la makato, na hapa watu wengi hupoteza fedha bila kujua. Tuseme mtu mwingine alilipwa Sh10,000 zaidi kila mwezi kwa miezi sita. Mshahara wake uko katika daraja la kodi la asilimia 30, na umeshapita kiwango cha juu cha makato ya NSSF. Kutoka kwa zile Sh10,000, asilimia 2.75 zilikwenda kwa mfuko wa afya wa SHIF, yaani Sh275. Asilimia 1.5 zilikwenda kwa ushuru wa nyumba, yaani Sh150. Zilizobaki, Sh9,575, zilikatwa kodi ya PAYE ya Sh2,872.50. Mkononi alipata Sh6,702.50.

Kwa miezi sita, ofisi ilitoa Sh60,000. Yeye alipokea Sh40,215. Tofauti ya Sh19,785 ilipelekwa kwa serikali na mwajiri mwenyewe. Barua ikidai Sh60,000, inamtaka mtu arejeshe fedha ambazo hazikufika mikononi mwake. Ripoti ya PAYE huwasilishwa na mwajiri kila mwezi, kwa hivyo mfanyakazi ana haki ya kuuliza nani ataenda kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kurekebisha, na P9 ya mwaka huo itasomaje.

Lakini hapa pia uaminifu unahitajika. Makato ya mkopo wa Sacco, ya benki au ya HELB yaliyotoka kwenye mshahara uliozidi yalimpunguzia mfanyakazi deni lake. Hayakuonekana benki, ila yalimfaidi, na ofisi ikiyahesabu haijakosea.

Deni likithibitika

Hesabu zikikutana na kuonekana kuna fedha za kurejesha, kulipa ni wajibu. Lakini namna ya kulipa hujadiliwa. Aliyestaafu na anategemea mahindi na pensheni ndogo hawezi kutoa Sh120,000 kwa siku 14, na ofisi inayotaka kulipwa kweli itakubali awamu.

Makubaliano yaandikwe. Yataje jumla ya deni, kiasi cha kila mwezi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba baada ya malipo ya mwisho hakuna dai jingine kuhusu kipindi hicho. Kiasi kiwe kile mtu anachoweza kulipa hata mwezi wa karo. Ahadi ya Sh3,000 inayotimizwa ni bora kuliko ya Sh15,000 inayovunjika mwezi wa pili.

Malipo yaende kwenye akaunti rasmi au nambari rasmi ya malipo ya mwajiri, na kila mara stakabadhi itolewe. Afisa yeyote anayesema fedha zitumwe kwa simu yake ili "aziingize" asitumiwe hata shilingi. Vilevile, mtu akipigiwa simu na asiyemjua, akaambiwa anadaiwa mshahara uliozidi na alipe saa hiyo hiyo, akate simu na aende ofisini mwenyewe. Dai la kweli lina barua, lina nambari ya faili na lina afisa anayekaa ofisini.

Kwa mafao ya kustaafu, tahadhari ni kubwa zaidi. Kabla ya kutia sahihi karatasi inayoruhusu deni likatwe kwenye mafao, mfanyakazi awaulize wadhamini wa mfuko wake kanuni zinasema nini. Asiporidhika, aende kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu.

Kama mmekosa kuelewana

Mahali pa kwanza ni ofisi ya kazi ya serikali ya kitaifa, ambako afisa wa kazi husikiliza pande zote mbili. Aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi arudi huko pia, kwa kuwa dai linahusu kipindi alichokuwa mwanachama. Asiyeweza kumlipa wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Kwa wafanyakazi wa kaunti, uamuzi kuhusu malipo yao unaweza kukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mujibu wa kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Rufaa huandikwa ndani ya siku 90 tangu uamuzi.

Mwisho wa njia ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu mwaka 2018, baadhi ya mahakimu wameruhusiwa kusikiza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao haukuzidi Sh80,000 kwa mwezi, kwa hivyo si lazima mtu asafiri mbali. Mahakama ya Madai Madogo haisikizi migogoro ya kazi, na anayepeleka kesi huko atarudishwa. La muhimu kuliko yote: mtu akipata wito wa mahakama, ajibu ndani ya siku zilizoandikwa. Barua ya ofisi inaweza kusubiri maelezo, lakini wito wa mahakama hausubiri. Ukipuuzwa, hukumu hutolewa bila upande wa pili kusikizwa, na hapo ndipo dalali hupata nguvu.

Wakati huo wote, mwajiri hapaswi kukalia cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka amtolee mfanyakazi anayeondoka, ikiwa alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho si rehani ya deni, na mtu anakihitaji ili apate kazi itakayomwezesha kulipa.

Familia za waliofariki

Kuna nyumba ambazo barua hii hufika ikiwa na jina la marehemu. Mume au mke alifariki akiwa kazini, mshahara ukaendelea kuingia benki kwa miezi miwili, na familia ikautumia kwa mazishi na karo. Mjane hapaswi kutia sahihi ahadi ya kulipa kutoka mfukoni mwake kwa sababu tu ameshikwa na huzuni na hofu. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwa mali aliyoacha, kupitia anayesimamia mirathi. Familia ipeleke cheti cha kifo kwa mwajiri na kwa benki mapema, na iulize hesabu kama mtu mwingine yeyote, ikiwemo mafao ambayo mwajiri anadaiwa na marehemu. Mara nyingi pande zote mbili zinadaiana.

Wajibu wa ofisi

Haitoshi kuwafundisha wananchi kujibu barua. Ofisi za kaunti na waajiri wengine wana kazi yao. Barua ya kujiuzulu, kustaafu au kuhama inapaswa kumfikia afisa wa mishahara mwezi huo huo. Barua ya madai itoke ikiwa na jedwali la hesabu nyuma yake, jina la afisa wa kuulizwa na nafasi ya kujibu. Mtu aliyehudumu wadi kwa miaka 20 asisomewe deni kama mwizi. Ofisi inayoeleza hesabu yake vizuri hulipwa mapema kuliko inayotisha, na wakaguzi wakija huwa na karatasi za kuonyesha.

Kwa walio kazini bado

Ndugu wananchi, dawa nzuri ya barua hii hutengenezwa kabla haijaandikwa. Mfanyakazi asome hati yake ya mshahara kila mwezi, si mstari wa mwisho tu. Akiona kiasi kimepanda bila sababu, aiandikie ofisi kuuliza, abaki na nakala, na fedha hizo aziweke kando. Anayeondoka kazini apakue hati zake zote kabla ya kufungiwa mtandao wa ofisi, achukue barua inayotaja siku yake ya mwisho, na aangalie akaunti ya benki kwa miezi mitatu inayofuata. Mshahara ukiingia na kazi imekwisha, aseme mapema, kwa maandishi.

Na kwa aliye na barua hiyo kabatini leo: aitoe, aangalie tarehe yake, akusanye hati zake za mshahara na taarifa ya benki, kisha aende nazo kwa afisa wa kazi wiki hii. Kuuliza si ujinga, wala si kukataa kulipa.